Ayari, Jasusi na Mswahili: Raha ya Riwaya ya Kifantasia ya Vijana Ikitazamwa kutoka Kizuka, Mwambao wa Tanganyika

Ikisiri

Makala hii inahakiki riwaya ya vijana Trickster's Choice (2003) ya mwandishi wa Marekani Tamora Pierce, pamoja na mwendelezo wake, Trickster's Queen (2004), kwa kuitazama kutoka Kizuka na mwambao wa Rumonge nchini Burundi. Inadai kwamba raha ya riwaya hiyo hutokana na kuwapa wanyonge haki ya kuwa wajanja, na kwamba raha hiyo ina uzito wa pekee mahali ambapo jina "Mswahili" lenyewe limebebeshwa shutuma ya ujanja. Kasoro kubwa ya riwaya pia huonekana waziwazi zaidi kutoka hapo.

Lugha yenye sifa mbaya

Kizuka ni sehemu ya komini ya Rumonge, kusini-magharibi mwa Burundi, katika nchi ya michikichi na mawese, ambako wavuvi wa ndagaa na migebuka hukutana na wakulima wa milimani na wachuuzi wanaovuka ziwa. Kiswahili hapa si lugha ya kigeni, na wala hakijawahi kuwa lugha ya taifa. Kilifika kwa misafara na majahazi ya Ujiji katika karne ya 19, kikatumiwa na utawala wa Wajerumani, kikabaki mijini, misikitini na mialoni. Baada ya machafuko ya 1972, ambayo mwambao wa Rumonge na Nyanza-Lac ulikuwa miongoni mwa mahali yalipoanzia, maelfu ya watu walikimbilia Tanzania. Waliporejea miongo kadhaa baadaye walikuja na watoto waliosoma kwa Kiswahili, ambao darasani walikutana na Kirundi na Kifaransa kama wageni.

Sera imekuwa ikikizunguka Kiswahili bila kukifungulia mlango. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kikawa somo shuleni. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 iliweka Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kikabaki somo na lugha ya jirani. Lakini kuna kizuizi kingine ambacho hakimo katika sheria yoyote. Katika Kirundi cha kila siku, kumwita mtu umuswahili si lazima kutaja asili wala dini yake. Mara nyingi ni kusema kwamba ana ulimi mwepesi, anajua njia za mkato, na ahadi yake yafaa ipimwe mara mbili. Watanzania nao hawana haki ya kucheka, maana wao wenyewe huambiana "acha Uswahili" wanapotaka kusema "acha kunizungusha". Mtoto wa Kizuka anayesoma kwa Kiswahili, kwa hiyo, anasoma katika lugha ambayo majirani zake wengi wameshaihukumu kuwa lugha ya wajanja.

Hali hiyo ndiyo inayoifanya riwaya ya majasusi na mungu mlaghai, iliyotungwa mbali kabisa na Ziwa Tanganyika, istahili kujadiliwa hapa. Uhakiki wa fasihi ya vijana katika Kiswahili umezoea kuanza na swali la mafunzo: kitabu kinafundisha nini, mhusika gani ni wa kuigwa. Swali hilo lina mahali pake, lakini likitangulia, raha hugeuka kuwa sukari ya kumezea dawa. Uchambuzi huu unaanza na raha yenyewe: inatengenezwa vipi, na inamfaa nani.

Dau la Kyprioth

Alianne, au Aly, ana umri wa miaka 16. Mama yake ni Alanna, shujaa wa vita anayejulikana kila mahali. Baba yake, George Cooper, alikuwa mkuu wa wezi kabla ya kuwa mmoja wa wakuu wa majasusi wa ufalme. Aly anataka kuwa jasusi, baba yake anakataa. Baada ya ugomvi na mama yake anaondoka kwa mashua, anakamatwa na maharamia, na kuuzwa utumwani katika Visiwa vya Shaba. Huko watu wa asili, raka, wenye ngozi ya kahawia, wametawaliwa kwa vizazi na walowezi weupe waitwao luarin. Aly anaingia katika nyumba ya kabaila Mequen Balitang, ambaye mabinti zake wawili wakubwa, Sarai na Dove, wamezaliwa na mama wa ukoo wa kifalme wa raka. Mfalme mwenye shaka isiyo na kiasi anaifukuza familia hiyo kwenda Tanair, shamba la mbali nyanda za juu.

Kisha anatokea Kyprioth, mungu wa ulaghai, aliyewahi kuwa mlinzi wa visiwa hivyo kabla ya kupinduliwa na miungu ya washindi, Mithros na Mungu Mke Mkuu. Anawekeana dau na Aly: akiweza kuwaweka hai watoto wa Balitang hadi majira ya kiangazi yaishe, atarudishwa nyumbani na baba yake atashawishiwa amruhusu afanye kazi anayoitaka. Kuanzia hapo riwaya ina saa inayohesabu siku, na kila ukurasa una sababu ya kufunguliwa.

Raha ya kwanza ni raha ya kujua. Aly ana kipawa cha kuona uongo na uchawi, lakini kazi kubwa haifanywi na kipawa hicho. Inafanywa na kusikiliza. Anapelekwa kuchunga mbuzi, na mchunga mbuzi haulizwi anatazama nini. Anagundua kwamba watumishi wa raka katika nyumba hiyo, akiwamo Ulasim mkuu wa watumishi na Chenaol mpishi, ndio kiini cha njama ya kuikomboa nchi. Mabwana wanakula, wanazungumza, wanaamini kwamba anayewaandalia meza hana masikio. Msomaji kijana anawekwa upande wa wenye masikio. Kila mtoto aliyewahi kukaa kimya ukumbini huku watu wazima wakiongea mambo yao anaifahamu raha hiyo, na Pierce anajua kuitumia bila kuiharakisha.

Raha ya pili ni ya mungu mwenyewe. Kyprioth ni mwenye kujisifu, mpenda mapambo, mwongo, na bado anapendeka. Mzaha wake bora ni wa kisiasa: anawafanya bwana na bibi wa nyumba waamini kwamba ushauri wa kijakazi wao unatoka kwa Mithros, mungu wa washindi. Watawala wanatii sauti ya mungu waliyemshinda kwa sababu imevaa jina la mungu wao. Hakuna hotuba ya ukombozi katika riwaya hiyo inayolingana na mchezo huo mdogo. Kyprioth hawezi kuzungumza kwa jina lake na kusikilizwa, basi anaazima jina. Mtu aliyeishi kati ya lugha nne, akijua ipi ya kutumia ofisini, ipi sokoni na ipi mbele ya askari wa kizuizini, hahitaji maelezo ya ziada.

Nafasi ya Nawat haina budi kutajwa, ingawa kwa ufupi. Ni kunguru aliyejigeuza mtu kwa kumpenda Aly, na kunguru katika riwaya hii ni wajumbe, walinzi na wapelelezi. Mapenzi hayo yana ucheshi wa kutosha, lakini sehemu hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote, na inasomwa haraka.

Jasusi ni mjanja aliyepata mwajiri

Kiswahili kina neno linalounganisha mambo mawili ambayo riwaya hii inayaunganisha, nalo limesahauliwa kidogo: ayari. Kiswahili cha leo kimelibakiza kwa maana ya laghai, mtu wa hadaa. Asili yake ni pana zaidi. Katika masimulizi ya Amir Hamza, yaliyosambaa kutoka Uajemi hadi Bara Hindi na ambayo Mfalme Akbar aliagiza yachorwe katika karne ya 16, ayyar aitwaye Amr ni jasusi wa Hamza: hujibadilisha sura, huingia kambi ya adui, huwaleweshea walinzi vinywaji, na huwaacha wakubwa wakiamka wamenyolewa ndevu. Jasusi na mcheza hila ni mtu mmoja, mwenye cheo na heshima. Mfasiri anayetafuta neno la Kiswahili kwa jina la riwaya ya Pierce hana haja ya kubuni.

Katika riwaya ya Kiswahili, hata hivyo, watu hao wawili wametengana. Jasusi alikwenda kwa serikali. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona (1974), ni mtumishi wa dola na wa ukombozi wa Afrika. Hila zake zimeidhinishwa kabla hajazifanya. Mjanja alibaki katika hadithi za watoto: sungura, Abunuwasi, na kwa Warundi na Wanyarwanda, Bakame. Aliyekaribia kuwaunganisha ni Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, mkoa unaopakana na Burundi kwenye ziwa hilohilo. Joram Kiango wake hana mwajiri wa kudumu, hubadili majina na sura, na mara nyingi polisi wenyewe hawajui wamweke upande gani. Wahakiki waliziweka hadithi hizo katika kapu la "riwaya pendwa", jina linalokiri kwamba kitabu kinapendwa na papo hapo kukiadhibu kwa kupendwa. Kama kuna rafu ya vitabu ambayo ingepaswa kufika Rumonge kabla ya Pierce, ni rafu hiyo.

Burundi ina Samandari. Katika simulizi za Kirundi, Samandari ni mtu wa maneno makali na hila nyingi, anayewakejeli wakubwa na kuuambia utawala ukweli kwa njia ya upumbavu wa kujifanya. Jina lake limechukuliwa na mkahawa wa fasihi wa Bujumbura, ambako waandishi wa kizazi kipya wamekutana kusomeana kazi zao. Hadithi yake inafanana na ya Abunuwasi kiasi kwamba msimulizi wa mwambao anaweza kuhama kutoka mmoja hadi mwingine bila wasikilizaji kustuka. Lakini Samandari na Abunuwasi wana mpaka mmoja: mfalme anaaibika, watu wanacheka, na kesho yake mfalme bado ni mfalme. Hila ni njia ya kupumua. Kyprioth anavuka mpaka huo. Anachotaka si kumwaibisha mtawala bali kumwondoa, na katika kitabu cha pili anafanikiwa: Dove, msichana mwenye damu ya raka na luarin, anavishwa taji. Pierce amechukua mjanja wa hadithi za jioni akamkabidhi mapinduzi, na swali gumu la riwaya linatoka hapo. Je, ujanja unaofurahisha unapokuwa wa mnyonge unabaki na sura gani ukishakuwa wa serikali?

Jibu la Pierce ni la kukwepa. Ili Dove atawale, watoto wa kiume wenye haki ya kiti wanasimama njiani: mfalme mtoto Dunevon, na Elsren, mdogo wake Dove kwa baba. Wala njama wanalijua tatizo hilo, na Aly analijua. Kisha watawala wa muda, kwa tamaa yao wenyewe, wanaizamisha kwa uchawi meli iliyowabeba watoto hao. Mikono ya mashujaa inabaki safi kwa sababu adui amefanya kazi iliyohitajika. Ni hila ya mwandishi, wala si ya Kyprioth, na ndiyo pekee katika vitabu vyote viwili inayomdanganya msomaji badala ya kumshirikisha. Katika nchi iliyopitia 1972, 1993 na miaka iliyofuata, ambako neno "mpelelezi" halitamkwi kwa mzaha kila mahali, kijana wa miaka 15 anastahili kuachiwa tatizo hilo mikononi badala ya kuondolewa kwa dhoruba.

Mtumwa wa msimu mmoja

Kasoro kubwa zaidi imejadiliwa na wasomaji wengi wa Pierce: msichana mweupe, binti wa makabaila, anafika katika nchi ya watu wa kahawia waliotawaliwa na anakuwa ubongo wa ukombozi wao. Utetezi wa kawaida ni kwamba Aly hatwai taji, na kwamba raka walikuwa na njama yao kabla hajafika. Utetezi huo ni wa kweli, lakini hautoshi, na mwambao wa Rumonge unaonyesha kwa nini.

Mwaka 1879 Mapadri Weupe walifungua misheni Rumonge. Tarehe 4 Mei 1881 watu watatu wa misheni hiyo waliuawa katika ugomvi uliomhusu mtoto aliyekuwa mikononi mwao, ambaye chifu wa jirani alidai arudishwe. Historia za kimisheni zimewakumbuka marehemu hao kwa majina. Mtoto amebaki "mtoto". Katika miongo hiyohiyo, Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kama Rumaliza, alikuwa akishambulia mwambao huu kutoka Ujiji kutafuta pembe na watu. Kiswahili cha Rumonge kilizaliwa ndani ya biashara hiyo, kikizungumzwa na wauzaji, na wauzwaji, na waliokuwa wauzwaji jana na wapagazi leo. Sehemu ya shaka inayolizunguka neno umuswahili ina umri huo.

Kwa hiyo utumwa katika riwaya unasomwa hapa kwa jicho jingine. Utumwa wa Aly una tarehe ya mwisho. Anajipigisha na kujiharibu sura kwa makusudi ili asinunuliwe kwa kazi mbaya zaidi, na ujasiri huo unasisimua. Lakini mungu amemwekea dau, na dau likiisha atarudi kwa baba yake. Anapochagua kubaki, uchaguzi huo ndio kilele cha kitabu cha kwanza, na ndio unaokipa jina lake. Waliokuwa naye katika zizi la watumwa hawakupewa uchaguzi, na riwaya haiwafuatilii. Utumwa kwake ni vazi la kijasusi, tena zuri, kwa sababu linamfanya asionekane. Mtoto wa Rumonge wa 1881 naye hakuonekana, ila hakuna aliyemtuma apeleleze.

Hili halifuti raha ya riwaya. Linaeleza kwa nini raha hiyo ina kiungulia. Msomaji wa Kizuka anaweza kumfurahia Aly kabisa na papo hapo akagundua kwamba maarifa anayosifiwa nayo, yaani kusikiliza bila kuonekana, kuazima jina, kubadili lugha kulingana na aliye mbele yako, ni maarifa ambayo jamii yake imekuwa nayo siku zote na imekuwa ikilaumiwa kwa ajili yake. Kwa binti wa kabaila yanaitwa kipaji. Kwa Mswahili yanaitwa Uswahili.

Mungu aliyepinduliwa

Tatizo la tafsiri ambalo washauri wa sera hulitaja kwanza ni la kidini: miungu wengi katika kitabu cha vijana, katika mwambao wa Waislamu na Wakristo. Njia rahisi ingekuwa kumgeuza Kyprioth kuwa jini. Msomaji wa Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert amekwisha kuzoea majini, na hakuna mzazi atakayelalamika. Lakini jini hana kiti alichopokonywa. Kyprioth ni mungu wa nchi iliyotekwa, na hasira yake ni ya aliyefukuzwa kwake. Burundi inalifahamu jambo hilo kwa namna yake. Ibada ya kubandwa, iliyomzunguka Kiranga, ilikuwa na waliofundwa, lugha yao ya siri, na saa ambazo maneno yaliyokatazwa yaliruhusiwa. Wamisionari na utawala wa kikoloni waliipiga vita hadi ikajificha. Kiranga hakuwa mungu wa ulaghai, na si halali kumfananisha na Kyprioth kwa kila kitu. Kinacholingana ni hali ya kuondolewa kwenye kiti na kuendelea kujulikana kwa kunong'onezwa. Tafsiri inayomwita Kyprioth "mungu aliyepinduliwa", kwa herufi ndogo, ingeeleweka Kizuka bila maelezo ya chini ya ukurasa na bila kumkwaza imamu wala padri, kwa kuwa kila mtu ataona kwamba ni hadithi.

Hoja ya kiutendaji inafuata hapo. Miradi ya vitabu vya ziada katika nchi za Jumuiya hupenda kuchagua matini safi: watoto watiifu, usafi wa mazingira, faida za ushirikiano. Vitabu hivyo vina manufaa yake, na havisomwi mara ya pili. Kijana aliyeambiwa maisha yake yote kwamba lugha yake ni ya wajanja hatashawishiwa na kitabu kinachojifanya kwamba ujanja haupo. Atashawishiwa na kitabu kinachouchukua ujanja huo kwa uzito, kinachouonyesha ukiokoa watu na ukiharibu watu, na kinachomfanya apuuze taa inayofifia ili amalize sura. Joram Kiango anaweza kurudishwa dukani kwa gharama ndogo. Samandari anaweza kuandikwa kwa Kiswahili na Warundi wanaojua lugha zote mbili, ili msomaji wa Kigoma naye amfahamu. Na Trickster's Choice ikitafsiriwa, itafsiriwe na kasoro zake, pamoja na zizi la watumwa ambalo Aly analiacha nyuma, kwa maana hapo ndipo mjadala wa darasani utakapowaka.

Ulasim na Chenaol walikuwa wapelelezi kabla Aly hajafika. Walipika, wakafagia, wakabeba habari kutoka chumba hadi chumba na kutoka kisiwa hadi kisiwa, bila mungu yeyote kuwawekea dau la kurudishwa kwao. Katika vitabu vyote viwili, hakuna sura hata moja inayosimuliwa kutoka jikoni kwa Chenaol.